Albamu Leo, Gemu Mwakani

Ijumaa ndiyo siku ya albamu mpya. Utaratibu huu ulianza tarehe 10 Julai 2015, kampuni za muziki zilipokubaliana kutoa kazi mpya siku moja dunia nzima. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na Jumatatu yao na Wamarekani Jumanne yao. Gemu hazina siku maalumu, ila zile kubwa hupenda kujazana kuanzia Septemba hadi Novemba, Krismasi ikinukia, na miaka ya karibuni zimevamia Februari na Machi pia. Ukiwa shabiki wa vyote viwili, hevi metali na gemu za dunia wazi, ipo miezi ambayo mfuko unapigwa kotekote. Na kila mara swali ni lilelile: ninunue sasa au nisubiri?

Wengi hulijibu kwa kanuni moja. Mwenye haraka hununua kila kitu siku ya kwanza. Mbahili husubiri kila kitu kishuke bei. Wote wawili wanapoteza. Gemu na albamu hutangazwa kwa mbwembwe zilezile, trela na tarehe na toleo maalumu lenye sanamu ndani ya boksi, lakini zikishatoka kila moja inashika njia yake. Gemu ya dunia wazi inayotoka leo aghalabu bado inatengenezwa, na itaendelea kutengenezwa wewe ukiwa umeshalipa. Albamu inayotoka leo imekwisha. Haitaongezewa noti hata moja. Ushauri wangu basi ni kwamba gemu uiache ikae, albamu uichukue mapema na uilipie. Nitaeleza sababu, na nitasema pia ni wapi ushauri huu haufai.

Nianze na gemu, maana ndizo zinazokula pesa. Gemu kubwa mpya siku hizi ni dola 70, na Nintendo walipoitoa Mario Kart World mwezi Juni 2025 waliifikisha dola 80. Dola 70 ni kama shilingi elfu 9 za Kenya, au zaidi ya laki moja na nusu za Tanzania. Kwa watu wengi mjini hiyo ni kodi ya chumba.

Aliyepitia vibanda vya gemu enzi za PS2 anaijua Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004: diski ya kuchoma, kadi ya memori ya kugombania, na mwenye kibanda anayekuzimia muda ukiisha, hata kama uko katikati ya misheni. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Rockstar iliitoa upya pamoja na GTA III na Vice City, zote tatu kwenye kifurushi kimoja chenye picha zilizosafishwa. Watu walilipa wakitarajia kurudi mitaa ileile. Walichokuta ni mvua nzito kiasi cha kutoiona barabara, sura za watu zilizoumuka, na mabango yenye maneno yaliyokosewa, kwa kuwa picha nyingi za zamani zilikuzwa na programu ya kompyuta. Kuna duka la donati ndani ya gemu hiyo, linaitwa Tuff Nut, na bango lake lina nati kubwa. Nati ya awali ilikuwa na pembe sita, ile ya kufunguliwa kwa spana. Kwenye toleo jipya pembe zikalainishwa, nati ikawa duara, na utani mzima wa bango ukafa. Programu haikujua ile ni nati. Inaonekana hakuna binadamu aliyepita nyuma yake akaangalia.

Wiki moja baadaye kampuni iliomba radhi kwa maandishi, na matoleo ya zamani yaliyokuwa yameondolewa dukani yakarudishwa kwa wenye kompyuta. Kifurushi chenyewe kilikuja kunyooka kwenye konsoli na kompyuta Novemba 2024, kwa apdeti iliyorudisha mwanga wa asili na kufuta makosa mengi. Miaka 3 kamili. Aliyenunua 2021 alilipa bei yote kwa kitu kibovu; aliyenunua mwishoni mwa 2024 alilipa kidogo kwa kitu kizima. Na ni gemu ileile, ya kampuni ileile.

Kisa cha Cyberpunk 2077 kimesimuliwa sana, kwa hiyo nitagusa sehemu moja inayosahaulika. Kabla haijatoka tarehe 10 Desemba 2020, wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake. Wakaisifu, na hawakudanganya, kwani kwenye kompyuta yenye nguvu ilikuwa gemu nzuri pamoja na hitilafu zake. Wenye PS4 walisoma sifa hizo wakaamini zinawahusu. Oda za mapema zilifika milioni 8. Haikupita hata wiki mbili, Sony wakaiondoa kwenye duka lao na kurudisha watu fedha, na haikurejea mpaka Juni 2021. Kwa hiyo unaposoma uhakiki, kitu cha kwanza kutafuta ni mashine aliyochezea mhakiki. Nyota tano za mtu mwenye kompyuta ya dola 2,000 hazikusaidii chochote wewe mwenye konsoli ya zamani. Kama kampuni haitaki toleo la mashine yako lionekane kabla ya siku ya mauzo, ujue wana sababu.

Kwa nini balaa hili linazipata zaidi gemu za dunia wazi? Gemu ya mpira ina uwanja mmoja, wachezaji 22, na mchezo una mwisho. Mji mzima hauwezi kukaa kwenye memori ya mashine. Mashine inapakia mtaa uliopo na kuutupa ule uliouacha nyuma, sekunde kwa sekunde, ikisoma kutoka kwenye diski. Ukiendesha gari kasi kuliko diski inavyoweza kusoma, mtaa unachelewa kufika: majengo yanatokea ghafla, watu hawana nyuso, gari linazama kwenye lami. PS4 ilitoka na diski ya kuzunguka, ya mtindo wa zamani, na waliotengeneza Cyberpunk wenyewe walikiri baadaye kwamba ugumu ulikuwa hapo. Ndiyo maana nasema, kama una pesa ya kuboresha kitu kimoja kwenye kompyuta yako ya zamani na bado inatumia diski ya kuzunguka, anza na SSD, diski isiyozunguka. Kadi ya picha itafuata.

Jambo jingine ni hesabu. Dunia wazi ina mvua, polisi, wanyama, usiku na mchana, mamia ya misheni, na mchezaji anayeruhusiwa kufanya lolote kwa mpangilio wowote. Kila viwili vikikutana panaweza kuzuka hitilafu ambayo hakuna aliyeiwazia. Studio ina wapimaji mamia, wiki ya kwanza ina wanunuzi mamilioni. Makosa huonekana wiki ya kwanza kwa sababu ndiyo mara ya kwanza gemu inapimwa kweli, na anayepima ni wewe uliyelipa.

Usubiri mpaka lini? Usihesabu miezi, angalia dalili. Kwanza, apdeti kubwa ya pili iwe imetoka, kwani ya kwanza hukimbizana na moto tu. Pili, bei iwe imeshuka nusu kwenye mauzo ya punguzo ya duka la mtandaoni la Steam, ambayo makubwa yake huja mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba. Na bora zaidi ni kungoja toleo kamili lenye nyongeza zote. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015, toleo lake kamili likaja Agosti 2016, kisha Desemba 2022 ikasafishwa picha upya bila malipo kwa kila aliyekuwa nayo. Cyberpunk ilipofika toleo la 2.0 Septemba 2023 mfumo wa ujuzi na wa polisi ulikuwa umejengwa upya, karibu gemu nyingine. No Man's Sky ya Waingereza wa Hello Games, iliyozomewa dunia nzima Agosti 2016 kwa ahadi zisizoonekana, ilipata kucheza pamoja na wenzako kwa maana halisi Julai 2018, na apdeti zake kubwa zimeendelea kutoka bure hadi leo. Nawaheshimu hao kuliko wengi walioanza vizuri.

Wakati unasubiri huwezi kukosa cha kucheza. Hadithi kuu ya Red Dead Redemption 2 peke yake inachukua takriban saa 50. Ukicheza saa moja kila usiku watoto wakishalala, hiyo ni karibu miezi miwili. Mtu ambaye hajaicheza, wala hajagusa Elden Ring wala Skyrim, ana gemu mpya tatu mkononi. Upya wa gemu ni kwako, haujali kalenda ya muuzaji.

Yapo mapungufu ya kanuni hii. Gemu za Nintendo hushuka bei mara chache na kidogo, na Zelda: Tears of the Kingdom ya Mei 2023 ilitoka imeiva, kuisubiri ni kujinyima bure. Kingdom Come: Deliverance II ya Wacheki wa Warhorse, inayokuweka Bohemia ya mwaka 1403, ilitoka Februari 2025 ikiwa katika hali nzuri kwa ukubwa wake, kinyume na ile ya kwanza ya 2018. Na kama marafiki zako wote wanaingia kucheza pamoja mwezi huu, ingia nao. Mwaka ujao watakuwa wameshahamia kwingine na utazunguka peke yako.

Sasa mambo ya kwetu, ambayo wahakiki wa ng'ambo hawayaandiki. La kwanza ni bando. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa haikatiki, hiyo ni zaidi ya saa 33 za kupakua. Kwa data ya simu ya kununua kidogokidogo utalipa pengine zaidi ya bei ya gemu yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei angalia uzito, na kama una jirani mwenye faiba, gharama ya soda mbili na diski ya nje inaweza kukuokolea mengi: Steam inaruhusu kuhifadhi gemu kwenye diski na kuirudisha kwenye kompyuta nyingine bila kuipakua upya, mradi akaunti inayoimiliki ni yako. Kununua diski ya konsoli hakukuepushi na bando kama zamani, kwa sababu nyingi hutaka apdeti nzito siku unapoiweka, na baadhi zina sehemu tu ya gemu. Soma maandishi madogo nyuma ya kasha.

La pili ni nchi. Kusini mwa Sahara, mtandao wa PlayStation unaitambua rasmi Afrika Kusini peke yake, na ndiyo maana akaunti nyingi za kwetu zinasema mwenyewe anaishi Marekani au Uingereza. Kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ukinunua ya Uingereza kwa akaunti ya Marekani umetupa pesa. Shida hiyo imewahi kuvuka mpaka wa Sony ikaingia Steam: Mei 2024, siku chache kabla ya Ghost of Tsushima kutoka kwenye kompyuta, iliondolewa sokoni katika nchi zisizo na mtandao wa PlayStation, na waliokuwa wameshailipia wakarudishiwa fedha. Gemu ya samurai, ya kucheza peke yako nyumbani, ikakwama kwa sababu ya fomu ya akaunti. Kabla hujalipia mapema gemu yoyote ya Sony kwenye kompyuta, soma kama inadai akaunti hiyo.

La tatu ni haki ya kurudisha. Steam watakurejeshea fedha ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Zitumie saa hizo kama mpimaji, si kama mgeni wa heshima: usikae dakika 40 unachonga pua ya mhusika wako. Ingia mjini, panda kitu chenye kasi, kimbia, uone kama mashine inahimili. Duka la PlayStation ni gumu zaidi, ukishaanza kupakua umeshapoteza haki hiyo, isipokuwa gemu yenyewe iwe na kasoro.

Nimeandika mengi juu ya gemu kwa sababu mitego ni mingi. Metali ina mitego michache, na mkubwa kuliko yote ni kusikiliza bure mpaka bendi ife.

Albamu ya metali ichukue mapema kwa sababu ya jinsi bendi zinavyoishi. Huduma za kusikiliza mtandaoni hulipa hata senti moja haifiki kwa kila usikilizwaji, na tangu 2024 Spotify hailipi chochote wimbo usipofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12. Metallica hawatalia kwa hilo. Bendi ya watu wanne wanaofanya kazi mchana na kufanya mazoezi usiku italia. Duka la mtandaoni la Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, na zipo Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020 wakati wa korona, ambapo inaacha fungu lake ili liende kwa wasanii. Kumbuka tarehe hizo, na ukiweza panga manunuzi yako hapo. Kadi ya Visa ya mtandaoni unayofungua kupitia pesa za simu kwa kawaida inatosha kulipia. Unachopata ni faili ambazo ni zako, zinazokaa kwenye simu hata bando likiisha. Albamu ya dakika 50 kwa MP3 ya ubora wa juu ni kama MB 120. Nafasi inayoliwa na Red Dead peke yake ingebeba albamu zaidi ya elfu moja.

Santuri na toleo la kasha siwashauri walio huku, labda uwe na ndugu anayerudi kutoka Ulaya mwenye nafasi kwenye sanduku. Usafirishaji na ushuru vitaizidi bei ya santuri. Lakini kama unaitaka kweli, hiyo nayo haisubiri: bendi ndogo huchapisha nakala mia chache, zikiisha zimeisha, na utaziona tena kwa walanguzi.

Anza na walio karibu. Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hapo wapenzi wa kelele Ulaya wakageuza shingo kuelekea huku. Kanja, ambaye jukwaani ni Lord Spikeheart, alifuatia na The Adept mwaka 2024 chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Si muziki wa kuanzia, nakuonya: mashine za ngoma zinakimbia kuliko moyo na sauti inapasuka kama spika iliyochanika. Usikilize ukiwa na nguvu. Na mzee atakayekuuliza mambo haya ya Wazungu yamefikaje Pwani, mwambie kwamba mmoja wa walioandika Stone Cold Crazy ya Queen, mwaka 1974, alizaliwa Unguja. Metallica waliuimba upya wimbo huo wakapata tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991.

Kama ndiyo kwanza unaingia, usianzie kwenye kelele zaidi, anzia penye uimbaji. Invincible Shield ya Judas Priest ilitoka Machi 2024, Rob Halford akiwa na miaka 72, na bado anapanda juu kuliko waimbaji wa nusu ya umri wake. Gitaa mbili zinajibizana wazi, unasikia kila kitu. Skeletá ya Ghost, ya Aprili 2025, ina viitikio vinavyoshika mara moja, na ilikamata namba moja Marekani. Ukizoea, nenda kwa Waswidi wa Opeth. The Last Will and Testament ya Novemba 2024 ni kisa cha familia inayokusanyika kusomewa wosia wa baba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na siri zinatoka moja baada ya nyingine. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina alama za aya kama waraka wa mwanasheria. Fungua maneno usome huku unasikiliza, la sivyo umekosa nusu. Mambo ya mirathi hatuhitaji kufundishwa na Waswidi, lakini sauti ya kunguruma, ambayo bendi hii haikuwa imeiweka kwenye albamu tangu 2008, hapa imerudi na kazi maalumu: ni marehemu anasema.

Sauti ya kunguruma ndiyo inayowakimbiza wengi. Usilazimishe kuipenda. Kwa wiki ya kwanza isikilize kama ala, sehemu ya ngoma na besi, usitafute maneno. Sikio litaanza kutofautisha lenyewe. Na ongeza sauti kiasi, usipitilize. Zima kile kitufe cha kuongeza besi kwenye simu, maana metali imeshajaza nafasi yote ya chini kwa ngoma za miguu miwili, ukiongeza unapata uji.

Nilisema albamu ikitoka imekwisha. Mfano wake ninaoupenda ni ...And Justice for All ya Metallica, Agosti 1988. Besi ya Jason Newsted karibu haisikiki kabisa. Mashabiki wamelalamika tangu siku hiyo, na bendi ilipoitoa upya mwaka 2018 ikaiacha ilivyo. Gemu ingerekebishwa kwa apdeti. Wale waliojaribu kubadilisha waliumia: albamu mbili za kwanza za Ozzy Osbourne peke yake zilipotolewa upya mwaka 2002, besi na ngoma za awali zilifutwa zikarekodiwa upya na wanamuziki wengine, watu wakakasirika, na mwaka 2011 zile za asili zikarudishwa. Kwa hiyo unaponunua albamu ya zamani angalia toleo la mwaka gani. Neno la kwamba imesafishwa upya lisikuvute. Kwenye metali mara nyingi maana yake ni kwamba imepandishwa sauti mpaka juu, kimya na kishindo vikalingana.

Hapo ndipo gemu na metali ziliwahi kukutana kwa namna ya ajabu. Death Magnetic ya Metallica, Septemba 2008, ilibanwa sauti kiasi kwamba inakwaruza hata kwenye spika nzuri. Wakati huohuo nyimbo hizo ziliuzwa ndani ya gemu ya Guitar Hero III, na humo hazikuwa zimebanwa vile. Mashabiki wakagundua kuwa nakala ya kuchezea, ya padi yenye umbo la gitaa, inasikika vizuri kuliko diski rasmi. Wakakusanya saini kudai albamu itengenezwe upya, huku nakala za kwenye gemu zikizunguka mikononi mwao.

Dunia wazi na metali zimeishi nyumba moja pia. Vice City ya 2002 ilikuwa na redio ya V-Rock, na wapo watu waliowajua Iron Maiden, Megadeth na Slayer wakiwa ndani ya gari la wizi. Brütal Legend ya 2009 ilienda mbali zaidi: nchi nzima iliyochorwa kutoka majalada ya albamu, nyimbo zaidi ya 100, na ndani yake Ozzy, Lemmy na Rob Halford wakiigiza kwa sauti zao. Haikuuza sana. Kwa ladha yangu mapigano yake ya vikosi yanachosha, lakini kuendesha gari humo huku redio ikinguruma bado hakujapata mpinzani, na siku hizi inauzwa kwa bei ya chipsi mayai. Gemu za namna hii ndizo zisizovumilia kusubiri milele. Leseni za nyimbo zina mwisho: Aprili 2018 GTA IV ilipoteza nyimbo nyingi za redio kwa apdeti iliyoingia yenyewe, na aliyekuwa amelipia miaka 10 nyuma akajikuta na redio tofauti. Gemu uliyoipendea muziki wake inunue ikishanyooka, usiiache mpaka uzeeni.

Jambo la matumizi ya kila siku: usisikilize albamu mpya mara ya kwanza huku unacheza. Gemu inakula sikio. Utajua tu kwamba kulikuwa na gitaa. Albamu mpya ipe nafasi yake, hedifoni, taa hafifu, mwanzo hadi mwisho. Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, ya Oktoba 2024, ina nyimbo mbili tu za kama dakika 20 kila moja, ukikatiza katikati umeanza upya. Zile unazozijua kwa moyo ndizo za kuwekea safari ndefu za farasi, na hapo zima muziki wa gemu kwenye mipangilio, bakiza milio ya kwato na risasi.

Mwisho, kwa walioniuliza kuhusu GTA VI. Imeahirishwa mara mbili, kutoka 2025 kwenda 26 Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026, na iliyotangazwa ni ya PS5 na Xbox Series peke yake. Mwenye PS4 asiilipie kwa mtu yeyote anayemwahidi toleo lake, halipo. Mwenye kompyuta asiuze kompyuta anunue konsoli kwa ajili ya gemu moja: GTA V ilitoka Septemba 2013 ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015, na Red Dead Redemption 2 ilichukua mwaka mmoja na siku chache. Mwenye PS5 na ambaye hataweza kuvumilia kelele za mtandaoni, basi anunue, lakini ya diski kama itakuwepo, ili akiimaliza aiuze kwa mwenzake bei ikiwa bado juu.